Bethune na Wasichana 21 wa Calcutta

Mama gani hafurahi kumwona binti yake akitoka asubuhi na daftari mkononi? Mwezi huu tunawapeleka mbali kidogo, hadi Calcutta nchini India, mji ambao siku hizi huitwa Kolkata. Katikati ya karne ya 19, binti wa Kihindu wa familia ya heshima huko hakutembea ovyo nje. Aliozwa angali mtoto, na wengi waliamini kwamba mwanamke akijua kusoma atafiwa na mumewe mapema. Hebu fikirini, akina mama: kitabu kiue mume!

Mwaka 1848 alifika huko mwanasheria Mwingereza, John Elliot Drinkwater Bethune, kuwa mjumbe wa sheria katika baraza la Gavana Mkuu. Alisimamia pia Baraza la Elimu. Hatusahau kwamba aliutumikia utawala wa kigeni ambao Wahindi hawakuuchagua. Lakini tarehe 7 Mei 1849 alifanya jambo ambalo serikali yake haikumtuma: alifungua shule ya wasichana, wanafunzi 21, akaigharimia kwa fedha zake. Dini haikufundishwa, ili wazazi wasiwe na hofu. Masomo yalikuwa kwa Kibengali. Kuhusu lugha alikuwa na msimamo. Kijana Michael Madhusudan Dutt alipotoa mashairi kwa Kiingereza, Bethune alishauri atunge kwa lugha yake mwenyewe. Baadaye alitunga kwa Kibengali, akawa mmoja wa washairi wake wakubwa.

Wasichana walichukuliwa kwa gari la farasi lililofunikwa. Ubavuni mwa gari paliandikwa maneno ya Kisanskriti ya kuwakumbusha wazazi kwamba binti naye anastahili kufundishwa.

Hata hivyo, sisi tunaona kwamba mzigo mzito haukuwa wa Bethune. Yeye angeweza kurudi kwao Uingereza. Mzigo ulikuwa wa wazazi waliobaki na majirani zao. Madan Mohan Tarkalankar, msomi wa Kisanskriti, aliwapeleka binti zake wawili, Bhubanmala na Kundamala. Kwa ajili hiyo watu wake walimtenga. Hakuwatoa shuleni, naye mwenyewe alifundisha pale bila mshahara, akawaandikia watoto kitabu cha kuanzia kusoma.

Bethune alifariki Agosti 1851, miaka miwili tu baada ya kufungua shule, akaiachia mali yake ya India. Gavana Mkuu Dalhousie aliendelea kuilipia hadi alipoondoka mwaka 1856, kisha serikali ikaichukua.

Mwaka 1879 yalianzishwa hapo masomo ya chuo, na mwanafunzi alikuwa mmoja tu: Kadambini Basu. Darasa zima, binti mmoja! Mwaka 1883 yeye na Chandramukhi Basu, Mkristo, wakawa wanawake wa kwanza kupata shahada katika Chuo Kikuu cha Calcutta. Chandramukhi baadaye akawa mkuu wa chuo hicho hicho. Kadambini aliolewa, akasomea udaktari, akawa mama wa watoto wengi na mganga wa wanawake wenzake. Husimuliwa kwamba alipokuwa akienda kutazama wagonjwa, alikaa ndani ya gari lake la farasi akifuma lesi njia nzima.