MUUGUZI MGONJWA NAYE NI MFANYAKAZI

Wazee wetu walisema mganga hajigangi. Twaitamka methali hii mara nyingi kwa mzaha, lakini yuko mtu ambaye kwake si mzaha hata kidogo: ni muuguzi aamkaye alfajiri viungo vimekakamaa, vidole vimevimba, na huku zamu yamngoja.

Ndugu msomaji, tumfikirie muuguzi wa namna hiyo akiwa amepangiwa kazi Magole, katika Wilaya ya Kilosa. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma yapita hapo, na mvua kubwa zinyeshapo milimani maji hushuka kwa ghadhabu. Januari 2014 mafuriko yalizikumba Magole na Dumila, na watu wengi wakakosa makazi. Siku kama hizo hakuna amwulizaye muuguzi kama naye anaumwa.

Maradhi tunayoyasema ni yale ambayo kinga ya mwili, kazi yake ikiwa kupigana na vijidudu, humgeukia mwenyewe, mfano wa askari wanaouvamia mji waliowekwa kuulinda. Miongoni mwake imo baridi yabisi inayokula maungo, imo lupasi, na kimo kisukari cha aina ya kwanza. Hayaambukizi, wala hayatokani na uchawi. Kwa kawaida hayaponi kabisa, bali hutulizwa kwa dawa, yakapoa kwa muda kisha yakawaka tena. Katika kila wagonjwa kumi wa lupasi, tisa hivi ni wanawake, tena wengi hushikwa katika umri wa kufanya kazi.

Moja ya dawa zake ni haidroksiklorokwini, ndugu wa karibu wa klorokwini ile chungu tuliyoimeza sote kwa ajili ya malaria hadi Serikali ilipoiacha mwaka 2001. Dawa nyingine huipunguza nguvu kinga ya mwili, na mwenye kuzitumia hushikwa upesi na kifua kikuu. Nani basi aliye karibu na kifua kikuu kuliko muuguzi?

Azimio la Arusha la 1967 lilitufundisha kwamba kila mwenye uwezo afanye kazi, na kwamba mtoto, mzee na asiyejiweza watunzwe. Lakini muuguzi huyu hayumo sawasawa katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Leo ana nguvu, kesho hawezi kufunga kifungo cha gauni lake. Kwa kuwa hana jeraha la kuonekana, wapo watakaomwita mvivu. Na kwa kuogopa jina hilo huficha ugonjwa na kukosa kliniki, mpaka madhara yafike kwenye figo. Hivyo hupotea muuguzi aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima.

Florence Nightingale, ambaye siku yake ya kuzaliwa, Mei 12, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, aliugua katika vita vya Crimea mwaka 1855, na afya yake haikurudi sawasawa kwa miaka mingi. Yadhaniwa ugonjwa wake uliletwa na vijidudu, haukuwa wa aina hii. Lakini ulikuwa wa kudumu. Kazi yake kubwa aliifanya akiwa chumbani na kitandani, na chuo chake cha wauguzi kilifunguliwa London mwaka 1860. Kweli, yeye alitoka katika jamaa ya matajiri. Muuguzi wa Magole hana ila wenzake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi mwenye cheti cha daktari likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, na 63 kwa nusu. Hilo ni jambo jema. Lakini hizo ni siku za kulala. Zamfaa aliye kitandani. Hazimfai awezaye kufanya kazi iwapo atapangiwa vyema.

Kumpangia vyema si jambo la fedha nyingi. Akikakamaa asubuhi, apewe zamu ya mchana. Asiwekwe kwenye wodi ya kifua kikuu, wala asiinue wagonjwa peke yake. Mwenye lupasi asitumwe kushinda juani, kwa kuwa jua huiamsha. Siku ya kliniki isihesabiwe utoro. Naye muuguzi, kwa upande wake, amweleze mkuu wake ukweli, wala asiache ghafla dawa zake pasipo shauri la daktari.

Mtauliza, zamu ya usiku ataibeba nani? Wataibeba wenzake, na huo ni mzigo, hatuukatai. Lakini wakimsukuma mpaka aanguke, si zamu ya usiku tu watakayoibeba. Watazibeba zamu zake zote, na wagonjwa watapungukiwa mikono. Hesabu hii yatosha kumshawishi hata asiye na huruma.

Ndugu wanachama wa chama cha wafanyakazi, TUGHE, lisemeeni jambo hili mikutanoni. Nasi tuliouguzwa na mikono hiyo, tusingoje idondoke ndipo tuishike.