Baridi Yabisi: Maumivu Yametulia, Kiungo Bado Kinaliwa

Mgonjwa wa baridi yabisi huamka vidole vimekakamaa. Kufunga vifungo vya shati humchukua muda mrefu. Akimeza diklofenaki hupata nafuu, akadhani ugonjwa umekwisha. Sivyo.

Chanzo ni kinga ya mwili wenyewe, nayo hupotoka mapema, mara nyingine miaka kadhaa kabla ya kidole cha kwanza kuvimba. Protini za mwili zilizobadilika kidogo, kwa mfano katika mapafu ya mvutaji sigara, huonekana na seli za kinga ziitwazo seli T kuwa kitu kigeni. Seli T huamsha seli B, nazo hutengeneza kingamwili ambazo maabara huzitafuta kwa vipimo vya RF na anti-CCP.

Utando unaozunguka kiungo chenye afya una unene wa seli moja hadi tatu tu. Mashambulizi yakifika hapo, seli ziitwazo makrofaji humwaga sitokini, kemikali ambazo seli hupashana habari kwazo. Mojawapo, TNF, hulegeza kuta za vishipa vya damu: maji yanavuja, chembe nyeupe zinamiminika, kiungo kinavimba na kupata joto. Wageni hao nao humwaga TNF na kuita wenzao. Utando hunenepa, ukatambaa juu ya gegedu na kuimeng'enya, huku ukichochea seli zinazomega mfupa. Sitokini nyingine, IL-6, husambaa mwilini ikaleta uchovu na upungufu wa damu.

Diklofenaki huzuia kemikali za maumivu tu. Mzunguko huo hauguswi. Dawa iitwayo methotreksati huutuliza, mradi imezwe mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua.

Mwaka 1992 jijini London, Ravinder Maini na Marc Feldmann walianza kuwapa wagonjwa kingamwili ya kuifunga TNF. Uvimbe ukashuka ndani ya wiki chache, ikadhihirika kuwa kemikali hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikisukuma mengi. Lakini TNF hiyo hiyo husaidia kudhibiti vimelea vya kifua kikuu vilivyojificha mwilini, kwa hiyo hakuna anayepaswa kuanzishiwa dawa hiyo kabla ya kupimwa TB.

Viungo vidogo vya mikono vikivimba kwa wiki kadhaa, omba rufaa kwa daktari bingwa wa viungo. Dawa huzuia uharibifu unaokuja; gegedu iliyokwisha kuliwa hazirudishi.