Anayetaka Kuacha Pombe Golbanti Aanzie Wapi?

Mkazi wa Golbanti akiamua leo kuacha mnazi au chang'aa, swali linalomjia mara moja ni aende wapi. Mikutano ya watu wanaosaidiana kuacha ulevi imezoeleka zaidi katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, na nauli ya kwenda Mombasa kila wiki si pesa anayoweza kuitoa mkulima wa mpunga au mvuvi wa Tana Delta. Hata hivyo, zipo njia zinazoanzia hapa hapa kijijini. Ipo pia hatua moja inayofaa kutangulia mkutano wowote, nayo ni kumwona mhudumu wa afya.

Sababu ni hii. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, kisha akaacha ghafla, anaweza kuugua. Mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi hukatika na moyo humwenda mbio. Dalili hizi huanza saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho. Wengine hupata kifafa katika siku mbili za kwanza, na kufikia siku ya pili au ya tatu wapo wanaochanganyikiwa, wakaona na kusikia vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaweza kuua. Familia nyingi huidhania kuwa ni pepo au kurogwa, na saa za kumwokoa mgonjwa zikapotea. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza pamoja na vitamini B1, na mwili ukavuka salama.

Kwa hivyo anayekunywa tangu asubuhi, au aliyewahi kupata kifafa alipojaribu kuacha, asijifungie nyumbani ajikaze. Aende Hospitali ya Ngao iliyo jirani, au kituo cha afya kilicho karibu naye, na aseme ukweli kuhusu kiasi anachokunywa. Akishikwa na kifafa nyumbani, alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, na atafutiwe usafiri mara moja.

Baada ya hapo ndipo kutafuta kikundi. Simu ya kwanza ni 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya. Haitozi malipo na hupokewa saa 24. Mpigaji huzungumza na mshauri, na anaweza kuuliza kuhusu vituo vya matibabu na vikundi vilivyo karibu naye. Asiyetaka kupiga simu anaweza kumwuliza mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba hadi nyumba.

Kikundi kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, kilichoanza 1935 mjini Akron, Marekani, pale Bill Wilson na daktari Robert Smith, wote walevi, walipogundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kulifanikiwa pale ambapo mahubiri na ahadi zilishindikana. Hakuna ada. Sharti la kujiunga ni moja tu, mtu awe anataka kuacha kunywa. Mkutanoni watu husimulia kwa zamu yaliyowapata na jinsi wanavyoishi bila pombe. Asiyetaka kusema husikiliza tu. Kikundi hiki hakifungamani na dhehebu lolote, kwa hivyo Mkristo na Mwislamu huketi pamoja. Mwenye simu ya intaneti anaweza pia kuhudhuria mikutano yao mtandaoni, ingawa mingi huendeshwa kwa Kiingereza.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kikundi hakihitaji ofisi wala cheti. Kwa desturi ya Alcoholics Anonymous, watu wawili au watatu wanaokutana ili wabaki bila pombe wanaweza kujiita kikundi. Chumba cha darasa baada ya masomo kinatosha, au ukumbi wa kanisa. Saa ya mkutano ndiyo yenye maana zaidi. Mgema hushuka na mnazi asubuhi na jioni, na jioni ndiyo saa inayowashinda wengi. Mkutano ukiwekwa wakati huo humpa mtu mahali pengine pa kuketi.

Kikwazo kikubwa kijijini ni aibu. Golbanti kila mtu anamjua mwenzake, na anayeonekana akiingia mkutanoni huogopa kusemwa kisimani kesho yake. Ndiyo maana kanuni ya vikundi hivi ni kwamba yaliyosemwa ndani hubaki ndani, na jina la aliyehudhuria halitajwi nje. Kikundi kikishindwa kuilinda kanuni hiyo, watu hawatarudi. Anayeona haya kukutana na majirani zake anaweza kuhudhuria Garsen kukiwa na kikundi huko.

Familia nazo zina kikundi chao, Al-Anon, kilichoanzishwa 1951 kwa ajili ya wake, waume na jamaa za walevi. Mke anaweza kupiga 1192 hata kama mumewe bado hajakubali kwamba ana tatizo, akaelezwa namna ya kuzungumza naye asubuhi akiwa mzima, na la kufanya usiku akirudi na fujo.