Mkono Uliopooza Haukurogwa

Katika barua zinazotufikia kutoka Adu na vitongoji vingine vya Magarini, aghalabu zimeandikwa na wake ambao waume zao wamenusurika na kiharusi, swali ni lile lile: mkono huu umekufa, au kuna mtu aliyeufunga? Haukufa, wala hapana aliyeufunga. Kilichoharibika ni ile sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamrisha, ilhali mkono wenyewe, kwa nyama yake na mifupa yake, ungali mzima ukingojea amri. Mganga anayechanja chale, akadai mbuzi na kumtaja jirani kuwa ndiye mchawi, hamtibu mgonjwa. Anaila mali ya nyumba yenye msiba, na fauka ya hayo anachochea dhulma ile ile iliyowafanya wazee wa Kilifi wayakimbie makwao wakahifadhiwe katika kituo cha wazee cha Kaya Godoma.

Lililo la ajabu kweli kweli ni hili. Mtaalamu wa Marekani, Edward Taub, alichunguza kima waliokatwa mishipa ya fahamu iletayo hisia za mkono mmoja, akaona kwamba mnyama huacha kabisa kuutumia mkono huo, lakini ukifungwa ule mzima, na haja ya kula ikamshika, huunyosha ule aliokuwa ameutupa. Siku za mwanzo kila jaribio lilimshinda, naye akajifunza kutojaribu, na mazoea hayo yakabaki hata baada ya uwezo kurejea. Binadamu ni vivyo hivyo. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa watu 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kupatwa na kiharusi, na ambao kifundo cha mkono na vidole vyao vilisogea walau kidogo: wale waliovishwa glavu mkono mzima kwa wiki 2, ule dhaifu ukifanyishwa kazi, walipata nafuu kuliko wenzao, na nafuu hiyo ikadumu hata mwaka. Ubongo uliozunguka jeraha hushika kazi ya uliokufa, maadamu kazi yenyewe inadaiwa tena na tena.

Basi mke amfungaye mumewe vifungo vyote vya shati, akamlisha sima tonge kwa tonge ilhali vidole vimeanza kukunjika, kwa mapenzi yake mwenyewe anaufundisha ubongo kwamba mkono ule hauna kazi. Mwache apapase kifungo kimoja, hata chai ikipoa.

Mengine kwa haraka. Asilishwe akiwa amelala, na akipaliwa hata kwa maji apelekwe hospitali ya Malindi. Asiinuliwe kwa kuvutwa mkono, bega hutoka. Asikandwe kwa maji ya moto. Ngozi isiyohisi huungua kimya. Na vidonge vya presha visikatizwe kwa kuwa kipimo kimeshuka, kwani kimeshushwa na vidonge hivyo hivyo.