Karanga zenye ukungu: hasara ya ini



Wakati wa kuchambua karanga, nzuri tunapeleka sokoni. Zile zenye ukungu, nyeusi ao zilizosinyaa, tunarudisha nyumbani, tunasaga, tunatia katika uji wa watoto, juu kutupa chakula ni hasara. Hapo ndipo hatari iko.

Ukungu ule wa kijani-manjano unatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Ilianza kujulikana kisha mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza sababu ya kulishwa mashudu ya karanga. Mtu anayekula sumu hiyo kidogo kidogo miaka mingi hasikii kitu, kumbe ini linaharibika.

Namna gani? Karibu kila seli ya mwili iko na jeni, yaani maagizo ya kazi tuliyorithi. Jeni moja, TP53, iko kama mlinzi wa depo: seli ikiharibika, inaizuia kuzaana ao inaiua. Tuko nayo nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Aflatoksini inaweza kubadilisha herufi moja tu ya maagizo hayo. Mwaka 1991 watafiti walikuta badiliko hilo, mahali pale pale, katika kansa za ini za wagonjwa wa Qidong, inchi ya China, na wa kusini mwa Afrika. Mara nyingi nakala ya pili nayo inapotea. Depo inabaki bila mlinzi: seli zinaongezeka bila mpaka, uvimbe unakua.

Kwa mwenye hepatiti B, sumu hii iko na nguvu karibu mara 30 zaidi. Basi mtoto apate chanjo zake kwa majuma 6, 10 na 14.

Tufanye hivi:

- Tuanike juu ya shitingi, si juu ya udongo. Tusimwagie karanga maji wakati wa kubambua.
- Tupime mahindi: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa. Chumvi ikishikamana na chupa, hayajakauka.
- Tupange mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta.
- Zenye ukungu tuzike. Kupika na kukaanga hakumalizi sumu. Ukimpa ng'ombe, inapita katika maziwa.

Tena, kamati ikubaliane kwenye mkutano: hasara ya karanga zilizozikwa tuibebe wote pamoja, ili mama yeyote asilazimike kuzirudisha nyumbani.