Maana ya "Toleo" katika Uchapishaji wa Vifurushi vya Programu

Neno "toleo" lilizoeleka katika taaluma ya vitabu kabla ya kuingia katika ile ya kompyuta. Maana zake mbili zakaribiana, lakini hazilingani.

Katika npm, katalogi ya pamoja ya programu za JavaScript, kila kifurushi hutambulishwa kwa jina na namba ya toleo. Mwandishi wa programu aketiye Lavington, Nairobi, huandika mambo hayo mawili katika faili iitwayo package.json, kisha huchapa amri "npm publish". Hapana mhariri wala mpiga chapa kati yake na watumiaji. Ndivyo kipatikanavyo kifurushi "africastalking" cha kampuni ya Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, ambacho huziwezesha programu nyingine kutuma ujumbe wa simu.

Wepesi huo una mpaka. Jina na namba vikishatumika pamoja havitumiki tena, hata kifurushi kikiondolewa. Kosa husahihishwa kwa toleo jipya tu. Sababu ni kwamba programu nyingine hukichukua upya kila zijengwapo. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kifurushi chake "left-pad", chenye mistari 11 tu; programu nyingi zikashindwa kujengwa, na npm ikakirudisha. Baadaye uondoaji uliwekewa masharti.

Kitabu kilichokwisha kununuliwa hubaki kwa msomaji, hata mchapishaji akikifuta katika orodha yake. Kifurushi hakina dhamana hiyo pasipo kanuni ya katalogi. Kwa hiyo mtunga kamusi akilifasili "toleo" kwa maana ya kitabu peke yake, atakuwa ameacha nje sharti la kutobadilika, ambalo ndilo kiini cha istilahi hii.