Kitunga cha Shamba Bado Kina Kazi Kalemie

Plastiki imetamalaki katika masoko ya Kalemie. Maji hubebwa kwa madumu ya njano, unga umo ndani ya magunia ya nailoni, na mawese yanauzwa kwa chupa zilizokwisha kutumika. Hata hivyo, mama anayerudi kutoka shambani na mihogo mibichi kichwani, sombe imefunikwa juu yake, mara nyingi utamkuta amebeba kitunga. Beseni analo nyumbani. Analiacha huko kwa sababu kuna kazi lisizoziweza.

Mboga ikishachumwa haiachi kupumua. Hutoa joto na unyevu, na ndani ya chombo kisicho na matundu joto hilo huiivisha upesi. Lenga-lenga hunyauka, nyanya za chini hupondeka na kuanza kuchacha. Kitunga hupitisha hewa pande zote. Ndakala wabichi wakitiwa humo, maji huchuruzika yenyewe kabla samaki hawajaanikwa mchangani. Tena kuta zake hupinda kidogo mzigo unapozidi, kwa hiyo mihogo haichubuki sana. Hilo si jambo dogo: muhogo huanza kuharibika siku mbili tatu tu baada ya kung'olewa, na kila mchubuko huzipunguza siku hizo.

Malighafi haiko mbali. Mji umekaa pale Mto Lukuga unapotoka katika Ziwa Tanganyika, na matete, mianzi na michikichi inajulikana na kila mtu. Fundi hupasua mwanzi ungali mbichi, akaukwangua kwa kisu mpaka fito zilingane unene. Kitako husukwa kwanza, fito zikipishana. Kisha ncha zake hukunjwa kwenda juu zikiwa na unyevu ili zisivunjike, ndipo nyingine zizungushwe kati yake. Mdomo hukazwa mwishoni, na hapo ndipo mnunuzi mjuzi anapoanzia kukagua. Mdomo uliolegea ndio unaoachia kwanza kitunga kikipakuliwa kichwani. Kikifika nyumbani huning'inizwa juu ya meko, maana moshi huwafukuza bungua wanaopenda wanga wa mwanzi.

Mikono hiyo ina historia. Batabwa, wenyeji wa pwani ya kusini mwa Kalemie kuelekea Moba, wanajulikana katika majumba ya makumbusho ya Ulaya kwa sanamu zao za mababu. Lakini pambo lao kubwa, safu za pembetatu waziitazo balamwezi, yaani kuchomoza kwa mwezi mpya, halikubaki kwenye sanamu peke yake. Lilichanjwa miilini na kusukwa hata kwenye mikeka na vikapu. Chombo cha kazi kilistahili urembo sawa na sanamu ya mkuu wa ukoo.

Wakulima wa kwingine wana ndugu yake kitunga. Kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Sussex, hutengenezwa kikapu cha bustani kiitwacho trug: mkono na ukingo wa mti wa chestnut, na tumbo la mbao nyembamba za mierebi. Fundi Thomas Smith wa Herstmonceux alikipeleka kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, na Malkia Victoria akaagiza vyake. Leo trug ni zawadi ya wapenda bustani, na wengi hukinunua kwa uzuri wake. Urembo ndio ulioiokoa kazi ya mafundi wake.

Kalemie mambo ni kinyume. Hapa kitunga kinaishi kwa kazi, na udhaifu wake uko hapohapo. Mkulima akihamia gunia, hakuna mpenda bustani wa kukinunua ili akiweke sebuleni. Fundi akikosa wateja msimu mmoja, kijana wake hutafuta kibarua bandarini au hununua pikipiki ya kubeba abiria, na ujuzi unakatika.

Serikali ilifungua mlango kwa amri ya Desemba 2017 iliyokataza kutengeneza, kuingiza na kutumia mifuko ya plastiki nchini. Mifuko hiyo bado imejaa masokoni, mvua ikinyesha huziba mitaro na kuishia ziwani. Amri peke yake haitasuka kitunga. Meya wa mji anaweza kuwapa mafundi sehemu ya kuuzia karibu na wauza mboga, na hoteli na mikahawa inaweza kudai nyanya zake zije kwenye vitunga badala ya magunia yanayoziponda. Sisi wanunuzi tuna letu pia: tusibishane bei na fundi kana kwamba mwanzi ulijipasua wenyewe, na kitunga kikilegea mdomo tumrudishie akikaze, naye apate pesa ya pili kwa kazi ileile.